Blanketi Lililopigwa Pasi

Kila Jumamosi asubuhi, Mzee Gaspar alipiga pasi vitambaa vya makochi.

Vilikuwa vitambaa kumi na viwili, vyote vyeupe, vyote vya kufuma kwa mkono. Ijumaa alivifua, akavichovya kwenye maji ya wanga na kuvianika. Jumamosi alivipiga pasi mpaka vikakakamaa. Kisha alivirudisha mahali pake. Vingine vilikaa kwenye migongo ya makochi, viwili mezani, kimoja juu ya televisheni. Ndivyo alivyovipanga marehemu mke wake, Elinaza.

Mzee Gaspar alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na moja. Alizoea kila faili kukaa mahali pake. Sasa alikuwa amestaafu, na aliishi peke yake katika nyumba yake ya Sinza. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na baa. Kutwa alisikia muziki na watu wakicheka. Ndani kwake hakuna aliyecheka. Elinaza alifariki miaka miwili iliyopita. Waliokuja msibani waliondoka mmoja mmoja, akabaki yeye na vitambaa.

Tuseme ukweli, hakuna mgeni aliyekuja kukaa kwenye makochi yale. Lakini Mzee Gaspar aliogopa. Aliona kwamba vitambaa vikikunjamana, nyumba nzima itajua kuwa mwenyewe, Elinaza, hayupo. Kwa hiyo alipiga pasi.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, simu yake iliita. Alikuwa Blessing, binti yake wa pekee. Blessing alikuwa mwalimu huko Njombe, aliolewa na mwalimu mwenzake aitwaye Benson. Alikuwa na mimba ya kwanza. Alitarajia kujifungua mwishoni mwa mwezi wa sita, wakati ambapo baridi ya Njombe haina mchezo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hali yako?"

"Nzuri tu. Mtoto anarusha mateke."

"Nani atakuja kukutunza ukijifungua?"

"Mama mkwe atakuja wiki moja. Ana ng'ombe wake, hawezi kuwaacha sana." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mama aliniahidi atakuja yeye. Alisema atakuja na blanketi la misuko, kama lile langu la utotoni. Unalikumbuka?"

"Nalikumbuka. Nikununulie jingine?"

"Mablanketi ninayo, Baba. Benson amenunua mawili. Nimelikumbuka tu lile."

Hakulia. Lakini Mzee Gaspar ndiye aliyemlea, na aliijua pumzi yake. Alitaka kusema, "Nitakuja mimi." Maneno yalikwama kooni. Mwanamume aende kwa mzazi kufanya nini? Kumkanda kwa maji ya moto? Akasema, "Mungu atasaidia." Simu ilipokatika alijisikia vibaya. Mwanawe alimwomba mkate, naye amempa jiwe.

Siku hiyo alifungua kikapu cha Elinaza, kilichokaa juu ya kabati tangu msiba. Ndani alikuta sindano ya kroshia, ile yenye ncha iliyopinda. Alikuta pia uzi mweupe wa kufumia vitambaa na picha ya zamani. Katika picha, Blessing alikuwa na miezi mitatu, kule Rombo kijijini kwao. Alikuwa amefunikwa blanketi la njano. Kamba tatu nene zilishuka katikati ya blanketi, zikipishana na kupishana, mithili ya nywele zilizosukwa.

Mzee Gaspar aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Aliishi na fundi wa kufuma miaka thelathini na minne. Hakumuuliza hata siku moja kazi ile inafanywaje. Sasa hapakuwa na wa kumuuliza.

Akaamua kujifunza. Blanketi litapatikana, na litafika Njombe kabla ya mtoto.

Kwa wiki mbili alijifunza kwa video za kwenye simu. Mwalimu wa kwenye simu alikuwa na mikono ya haraka na lugha ngeni. Hata hivyo, Mzee Gaspar alijua kusoma vidole. Alijifunza kufuma mnyororo. Alijifunza fundo fupi na fundo refu. Lakini msuko ulikataa. Kila alichofuma kilitoka bapa. Pia uzi wa kikapuni ulikuwa umekwisha.

Asubuhi moja alikwenda mtaa wa pili, kwenye duka la Bi Wahiba. Bi Wahiba aliuza nyuzi, vifungo, zipu na lastiki. Ukoo wao wa Kiarabu ulikuwa na maduka mjini tangu enzi za babu yake. Sasa lilibaki hili moja, na yeye mwenyewe nyuma ya kaunta. Wanawe wawili, Hashil na Usama, walihamia Maskati. Barazani kwake alikaa Mwajabu, fundi cherehani mwenye maneno mengi.

"Karibu, Baba Blessing," alisema Bi Wahiba. "Nikupe nini?"

"Uzi wa kufumia. Kuna mtu amenituma."

"Uzi gani?"

"Wa njano."

"Mwembamba au mnene?"

Mzee Gaspar alikohoa. "Huyo mtu hakusema."

Mwajabu akasimamisha cherehani. "Sasa si umpigie simu, mzee? Au huyo mtu hana simu?"

Bi Wahiba hakucheka. Alikuwa akitazama mkono wa mteja wake. Kidole cha shahada kilikuwa na mstari mwekundu, pale uzi unapopita.

"Anayefuma mie namjua kwa kidole," alisema taratibu. "Kaa hapo kwenye benchi. Niambie unataka kufuma nini."

Mzee Gaspar aliona aibu. Lakini aibu haifumi blanketi. Akatoa picha mfukoni. Akatoa na kazi yake, aliyoificha ndani ya gazeti. Akaeleza habari za Blessing, za Njombe, na za ahadi ya marehemu. Mwajabu alisikiliza, na safari hii hakutania.

"Naruka mafundo kama walivyoonyesha, halafu narudi," alisema. "Lakini msuko hautoki. Umelala tu kama kitambaa cha kochi."

"Kwa sababu unafuma kitambaa cha kochi," alijibu Bi Wahiba. "Kwanza, uzi wako mwembamba. Huu ni wa vitambaa. Msuko unataka uzi mnene wa sweta na sindano nene. Pili, unakaza mno. Mafundo yaliyokazwa hayapishani. Tatu, tazama hapa."

Akanyoosha kazi mezani, akagusa fundo moja kwa ncha ya sindano.

"Fundo refu lina kichwa huku juu. Chini ya kichwa lina shina. Unaliona? Wewe unachoma kichwani. Kwenye vitambaa ni sawa. Kwenye msuko, kichwa unakiacha. Unapitisha sindano nyuma ya shina, inatokea upande wa pili. Unalikumbatia shina lote. Ndipo fundo linapojitokeza mbele na kusimama. Jaribu."

Alimpa uzi mnene na sindano nene. Mzee Gaspar alipitisha sindano nyuma ya shina. Alivuta uzi, akamalizia fundo. Likatokeza mbele, nene, limesimama. Aligusa kwa kidole kuhakikisha.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe," alirudia Bi Wahiba. "Sasa kamba moja ina mafundo manne. Ruka mawili ya kwanza. Fuma la tatu na la nne. Halafu rudi ufume la kwanza na la pili, lakini uyapitishe mbele ya yale uliyokwisha kufuma. Hapo yamepishana."

"Ni kama kusuka nywele tu," alisema Mwajabu.

"Sio. Kwenye nywele, mafungu yote unayaona mkononi. Huku unashika fundo moja tu kila mara. Ndiyo maana lazima uhesabu. Na kila ukipishana, pitisha mbele. Ukipitisha leo mbele, kesho nyuma, hupati kamba."

Mzee Gaspar alikuwa ameshatoa daftari na kalamu. Hiyo ndiyo akili ya masjala.

"Na mstari wa kurudi?" aliuliza.

"Wa kurudi ni mafundo mafupi tu, hauna msuko. Ukigeuka tena mbele, usiyakumbatie hayo mafupi. Shuka mstari wa chini yake, ukatafute shina refu. Mstari mmoja wa mbele unapishana, unaofuata unakwenda wima. Usipishanishe kila mstari, kamba itabana. Sasa weka kalamu chini. Fuma."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi saa nne, Mzee Gaspar alikaa kwenye benchi la baraza la Bi Wahiba. Siku za kwanza alifumua zaidi kuliko alivyofuma. Alisahau kuhesabu. Alikumbatia shina la jirani. Mara moja alipitisha nyuma badala ya mbele, akagundua baada ya mistari sita. Bi Wahiba alimwambia afumue yote sita, naye akafumua. Wapita njia walimtazama. Mmoja aliuliza kama siku hizi wanaume wameishiwa kazi. Mwajabu alimjibu bila kuinua kichwa, "Wewe yako iko wapi?"

Barazani kulikuwa na sauti. Saa saba mchana Bi Wahiba alifunga duka akaswali na kula, na Mzee Gaspar alirudi kwake. Akifungua mlango alisema, "Nimerudi," kama alivyozoea miaka yote. Hakujibiwa. Alikula wali wa jana akiwa amesimama jikoni. Alisubiri kesho yake saa nne.

Mwezi wa sita, Ijumaa ya kwanza, blanketi lilikwisha. Lilikuwa la njano, lenye kamba tatu zilizotuna vizuri. Bi Wahiba alilipitishia kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hongera, fundi," alisema.

Mzee Gaspar alilibeba nyumbani moyo ukiwa mwepesi. Alilifua. Na kwa kuwa alitaka limpendeze binti yake, akalichovya kwenye wanga. Jumamosi asubuhi akatandika shuka mezani, akawasha pasi, akaiweka kwenye moto wa pamba. Alikuwa na vitambaa kumi na viwili vya kupiga pasi na blanketi moja. Alianza na blanketi.

Harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda puani. Akainua pasi haraka, lakini alikuwa ameshapita upande mmoja wote. Kamba mbili zilikuwa zimelala bapa, zinang'aa. Alilimwagia maji. Alivuta kwa vidole, akasugua, akalitundika. Kamba hazikuinuka tena.

Mzee Gaspar akakaa chini sakafuni. Pasi ile ndiyo aliyoitumia kila wiki ili nyumba ibaki kama Elinaza alivyoiacha. Leo imemwunguzia zawadi ya mtoto wake. Alilia kwa sauti. Hakulia hivyo hata siku ya mazishi, kwa sababu siku ile watu walikuwa wengi. Ng'ambo ya ukuta muziki uliendelea.

Jumatatu hakwenda barazani. Jumanne hakwenda. Jumatano alasiri alisikia hodi. Bi Wahiba alikuwa mlangoni, na Mwajabu nyuma yake ameshika mfuko wa maandazi.

"Tumekuja kukuangalia," alisema Bi Wahiba. "Unaumwa?"

"Siumwi. Karibuni."

Wakaketi kwenye makochi. Mzee Gaspar alileta blanketi, akaliweka juu ya meza. Bi Wahiba aliligusa pale palipong'aa.

"Umelipiga pasi."

"Nimelipiga pasi."

Bi Wahiba aliinua macho akaona vitambaa vyeupe vilivyonyooka kila upande. Alivitazama kimoja kimoja.

"Na hivi nani anavipiga pasi?"

"Mie. Marehemu alikuwaga anavipiga kila Jumamosi. Nami naendelea."

"Na nani anakuja kuvikalia?"

Mwajabu alitazama maandazi.

"Usione vibaya nikikuuliza," alisema Bi Wahiba. "Mie nafungua duka kila siku saa mbili asubuhi. Siku nyingine haingii hata mtu mmoja. Nafungua ili nisikae ndani na kuta. Mjukuu wangu Lujain namwona kwenye simu tu. Kwa hiyo nakuelewa."

Walikaa kimya kidogo. Ulikuwa ukimya wa watu watatu, na huo si mzito kama ule wa mtu mmoja.

"Kosa hili ni langu pia," aliendelea Bi Wahiba. "Nilikufundisha kufuma, sikukufundisha kufua. Sasa sikiliza. Kitambaa cha kochi ni pamba. Pamba inataka wanga na pasi. Uzi huu wa sweta ni wa kiwandani, umetengenezwa kwa plastiki. Pasi ya moto ikiugusa, unalala na haurudi. Na hata ungekuwa sufu ya kondoo, msuko haulazwi kwa pasi. Uzuri wake ni kule kutuna. Unafua kwa maji baridi. Usikamue kwa kunyonga. Viringisha kwenye taulo, bonyeza maji yatoke. Kisha utandaze kivulini, juu ya meza, uunyooshe kwa mkono. Basi."

"Nikilifumua, nikaufuma uzi huu upya?"

"Ulioungua haufai."

"Basi imekwisha. Zimebaki wiki tatu, na parseli mpaka ifike Njombe."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema Bi Wahiba. "Blanketi la kwanza lilikuchukua wiki tano kwa sababu ulikuwa unajifunza. Sasa unajua. Tulifupishe. Mtoto mchanga kwani ana urefu gani?"

Mwajabu akafungua mfuko. Chini ya maandazi kulikuwa na mabunda ya uzi wa njano.

"Mlijuaje?" aliuliza Mzee Gaspar.

"Hatukujua," alisema Mwajabu. "Bi mkubwa alisema mtu aliyemaliza blanketi halafu akajificha, ama anaumwa, ama ameliharibu. Tukabeba dawa za yote mawili."

Mzee Gaspar akacheka. Lilikuwa cheko fupi, lakini lilitokea ndani ya nyumba ile.

Alifuma asubuhi barazani na jioni kwake. Vidole vilijua sasa. Ruka mawili, fuma mawili, rudi, pitisha mbele. Siku ya kumi na mbili blanketi la pili lilikwisha. Walilifua pamoja uani kwa Bi Wahiba, kwa maji baridi. Walilitandaza juu ya meza, na kamba zikakauka zikiwa zimetuna. Mzee Gaspar akaandika karatasi kwa mwandiko wake wa masjala, akaibana kwa pini kwenye blanketi: *Lifuliwe kwa maji baridi. Likauke kivulini, limelazwa. LISIPIGWE PASI.* Kisha akalipeleka kwenye ofisi ya mabasi.

Blanketi lililoungua halikutupwa. Bi Wahiba alilitundika dukani, juu ya mabunda ya uzi. Kila aliyekuja kununua uzi wa sweta alionyeshwa.

"Hilo limepigwa pasi na nani?" waliuliza.

"Na karani mmoja mstaafu," alijibu Bi Wahiba, na karani mwenyewe kwenye benchi alijifanya hasikii.

Mtoto alizaliwa tarehe ishirini na nane, msichana. Benson alipiga simu kutoa habari. Siku tano baadaye, Alhamisi, alipiga Blessing mwenyewe.

"Baba, shikamoo. Mtoto amelala ndani ya blanketi lako."

"Marahaba. Linampa joto?"

"Sana. Jana alilikojolea. Mama mkwe akalifua, na huku nguo hazikauki, kuna ukungu tu. Akachukua pasi ili alikaushe. Huku wote tunakausha nguo za watoto kwa pasi. Nikapiga kelele kitandani. Nikamsomea karatasi yako."

"Akasemaje?"

"Akaiweka pasi chini. Akauliza huyo mama aliyefuma ni nani, maana anajua kazi. Nikamwambia sio mama, ni Baba. Halafu akaniuliza, 'Sasa mbona hajaja?'"

Mzee Gaspar aliketi kwenye kochi.

"Keshokutwa anarudi kwa ng'ombe wake," alisema Blessing. "Baba, njoo."

"Nije nifanye nini, mwanangu? Mie sijui kumkanda mzazi."

"Kuna jirani atanikanda. Wewe uje umshike mtoto, nami nipate kulala. Umeweza kufuma misuko mitatu, hutashindwa kumshika mtoto mmoja."

Maneno yaliyokwama kooni mwezi wa nne sasa yakatoka.

"Nitakuja," alisema. "Nakuja mimi."

Ijumaa alifua vitambaa, kwa mazoea tu. Jumamosi alfajiri vilikuwa vimekauka kambani. Alivikusanya, akavirudisha kwenye makochi vikiwa vimekunjamana. Alisimama akavitazama. Nyumba haikuanguka.

Bi Wahiba alikuja kupokea ufunguo. Alichungulia sebuleni.

"Nikupigie pasi hivyo vitambaa?"

"Hapana. Viache," alisema Mzee Gaspar. "Ila siku moja moja uje na Mwajabu, mvikalie."

Akachukua begi lake. Ndani mlikuwa na sweta, sindano ya Elinaza, sindano nene ya Bi Wahiba, na uzi wa njano wa kufumia kofia. Akamwachia Bi Wahiba mlango ukiwa wazi, akaenda kupanda basi la Njombe.